Habari Inayomfuata Mtu: Ngoma, Barua na Redio katika Ngara na Biharamulo

Njia za kupashana habari, ziwe za ngoma, za karatasi au za mawimbi ya hewani, hazitofautiani kwa vyombo vyake tu. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni upande upi unaobeba mzigo wa kumtafuta mwenzake. Anayeandika barua hana budi kujua anwani ya anayemwandikia, na anayehudhuria baraza hana budi kuacha shughuli zake na kuifuata habari pale inapotolewa. Ipo hata hivyo njia ya tatu, ambamo mtoa habari hajui mpokeaji wake yuko wapi, wala mpokeaji halazimiki kujitambulisha, na kinachowaunganisha ni miadi tu: habari hutoka pale pale, kwa mpangilio ule ule, na kila aliyechagua kuipokea huipata popote alipo. Katika intaneti njia hiyo ilipata umbo mwezi Machi 1999, kampuni ya Netscape ya Marekani ilipotoa utaratibu uliokuja kujulikana kwa herufi RSS, yaani faili fupi ambalo mchapishaji huliongezea kichwa cha habari kila anapotoa jambo jipya, na ambalo programu ya msomaji hulikagua kila baada ya muda na kumletea mambo hayo bila yeye kwenda kuyatafuta. Kwa Kiswahili utaratibu huo huitwa mlisho, na jina hilo linafaa, kwa kuwa msomaji huchagua mara moja tu chanzo anachokitaka, kisha chanzo hicho huendelea kumlisha.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo kusini-magharibi mwa Mkoa wa Kagera, hazitajwi popote katika historia ya teknolojia hiyo. Hata hivyo ni vigumu kupata nchi nyingine katika Afrika ya Mashariki ambamo haja iliyoizaa, yaani haja ya kubaki pamoja kwa habari wakati watu wenyewe wametawanyika, ilihisiwa kwa uchungu mwingi zaidi, au ambamo ilijibiwa kwa bidii kubwa zaidi.

Ngara inapakana na Burundi upande wa magharibi na Rwanda upande wa kaskazini-magharibi, ambako mto Ruvubu unamwaga maji yake katika Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, nayo Biharamulo iko mashariki yake, katika njia inayoelekea Ziwa Viktoria. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi, na wanaisimu huziweka lugha zao katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, kiasi kwamba Mhangaza na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Bugufi yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Burundi hadi Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki kwa mapatano ya Milner na Orts ya 1919. Sehemu ya Gisaka, iliyokuwa imetengwa na Rwanda kwa mapatano hayo hayo, ilirudishwa miaka michache baadaye, lakini Bugufi ilibaki Tanganyika. Mpaka huo uligawanya utawala. Haukuweza kugawanya usikivu, na jambo hilo litaonekana kuwa na uzito mkubwa pale redio itakapofika.

Katika falme za zamani za eneo hili chombo kikuu cha habari ya wote kilikuwa ngoma, na si bure kwamba katika Kirundi neno lile lile, ingoma, humaanisha ngoma na humaanisha pia utawala. Ngoma ya mfalme haikumtafuta mtu mmoja mmoja. Ililia, na kila aliyeisikia alijua kilichotukia na kinachompasa. Habari ndefu zaidi ilipita kwa watwale, yaani wakuu wa maeneo waliomwakilisha mfalme, ambao waliipokea kutoka juu na kuishusha vilimani. Wajerumani walipojenga boma lao Biharamulo mwanzoni mwa karne ya ishirini, jengo lenye kuta nene lililosimama hadi leo, waliongeza karatasi juu ya mpango huo bila kuuondoa, kwa maana amri iliyoandikwa bomani ilimfikia mkulima kwa mdomo wa mtwale yule yule. Majeshi ya Wabelgiji yalipoitwaa Biharamulo mwezi Juni 1916, na baadaye Waingereza walipoichukua, walikuta tayari njia hiyo moja ya kushusha habari, nao wakaitumia. Kasoro yake ilikuwa bayana: habari ilisafiri kwa kupitia wakubwa, na mkubwa asiyependa jambo lijulikane angeweza kulizuia.

Barua ilikuja na uhamaji wa kutafuta kazi. Vijana wa Bugufi na Bushubi, pamoja na wengi zaidi waliotoka Rwanda na Burundi na kupita katika nchi hii kwa miguu, walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za wengine, na baadaye wengine walichukuliwa hadi mashamba ya katani ya pwani. Barua ya mtu kama huyo haikuwa na mlango wa kubishia. Wakulima hawakuwa na sanduku la posta lao wenyewe, hivyo barua iliandikwa kwa anwani ya misheni, shule au chama cha ushirika, na juu yake likawekwa jina la mwalimu au katekista aliyeombwa kuifikisha, naye aliitunza hadi Jumapili au siku ya gulio, akaita jina mbele ya watu. Wakimbizi wa Kinyarwanda walioingia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara, walitegemea njia hiyo hiyo. Udhaifu wake ulionekana kila watu walipohama, na operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970 iliwahamisha hata wale ambao hawakuwa wamevuka mpaka wowote. Barua humfuata mtu mahali alipoachwa, si mahali alipo.

Redio ya taifa ilibadilisha mzani huo. Matangazo yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951 yalikuwa mwanzoni ya mji tu, lakini baada ya uhuru, na hasa tangu 1965 yalipowekwa chini ya serikali kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam, yalipenya hadi vijiji vya mpakani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliokuwa wamepewa mafunzo na vitabu vya kuambatana na vipindi. Kiini cha mpango huo hakikuwa chombo, kwa kuwa redio moja ilitosha watu wengi, bali saa: kikundi kilijua kwamba siku fulani, wakati fulani, somo litakuja, nalo lilikuja. Katika eneo la Ziwa, lililokuwa limechaguliwa tangu 1968 kwa majaribio ya elimu ya watu wazima yaliyosaidiwa na UNESCO, lilitolewa pia kuanzia 1974 gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili mtu aliyekwisha kujifunza kusoma asikose kitu cha kusoma. Ziwa Magharibi, kama mkoa ulivyoitwa hadi ulipopewa jina la Kagera baada ya vita dhidi ya Idi Amin, ulikuwa ndani ya mpango huo.

Pamoja na masomo hayo rasmi, wasikilizaji wenyewe waliipa redio kazi nyingine. Kadi za salamu, ambamo msikilizaji aliandika majina ya ndugu na marafiki aliotaka wasalimiwe, na matangazo ya vifo, ambayo yalitaja jina la marehemu, mahali alipofia na ndugu waliotakiwa kufika mazikoni, yaliifanya redio ya nchi nzima kuwa sanduku la posta la kila mtu. Mtu wa Biharamulo aliyefiwa hakuhitaji kujua kaka yake amehamia mtaa gani wa Mwanza au Tanga. Alihitaji tu kuwa na hakika kwamba kaka huyo, au jirani yake, anasikiliza saa ile. Ndiyo maana betri za redio, ambazo watu wengi wa bara huziita mawe, zilihifadhiwa kwa uangalifu, zikaanikwa juani zilipoanza kuchoka ili zitoe nguvu kidogo tena, na redio ikafungwa mara kipindi kilichosubiriwa kilipokwisha. Hapo ndipo miadi ilipokuwa desturi.

Mpango uleule wa sauti isiyojua wala kuuliza inasikilizwa na nani ulitumika vibaya kupita kiasi ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda. Redio ya RTLM ilianza kutangaza Kigali mwezi Julai 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, kuanzia Aprili 1994, ilichochea wauaji na hata kutaja watu wa kusakwa. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alitiwa hatiani mjini Arusha Desemba 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Wanaoisifu njia hii ya habari hawana haki ya kuiruka sura hiyo. Jina, jina la baba na kilima cha asili, ambayo katika nchi za Maziwa Makuu yalikuwa njia ya kumtambulisha mtu kwa heshima, yaligeuzwa kuwa njia ya kumwinda.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda usiozidi saa 24, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wengi wao waliwekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara, na kambi hiyo ikawa kwa muda kubwa kuliko zote duniani. Lumasi, Musuhura na nyingine zilifuata, na Warundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 walikuwa na makazi yao Lukole na Kitali. Wakimbizi waliwazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi. Miti ilikatwa, visima vilikauka, na wakulima wa Ngara, ambao walikuwa wa kwanza kugawa chakula chao, walijikuta wageni katika njia zao wenyewe.

Mashirika ya misaada, yakiwa na haraka ya kuzuia njaa na kipindupindu, yaliipanga Benaco kwa kufuata wilaya ndogo walikotoka watu, na wakuu wa wilaya hizo wakaachiwa kuendelea kuwa wakuu. Mpango huo ulirudisha, bila mtu kukusudia, njia ya kale ya mtwale: chakula, orodha na tangazo vilipita mikononi mwa viongozi, na miongoni mwao walikuwamo walioandaa mauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa Murambi, alikuwa Benaco, na jaribio la kumwondoa mwezi Juni 1994 lilizua ghasia kubwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, mahakama ya Arusha ilimhukumu kwa mauaji ya kimbari. Mtu wa kawaida ndani ya kambi alijua tu kile ambacho viongozi wa namna hiyo walitaka akijue, na hasa kuhusu usalama wa kurudi nyumbani aliambiwa mengi yasiyokuwapo. Chakula chake kilipimwa kwa gramu na maji yake kwa lita, lakini habari hakuna aliyempimia.

Kulikuwa pia na kutafutana. Katika nchi za Maziwa Makuu watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa na mashirika kuwa wametengana na wazazi wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo kazi yake ya kuwaunganisha waliopotezana kwa vita ilianza katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, ilileta fomu yake ya ujumbe, yaani karatasi isiyofungwa kwa bahasha, yenye nafasi ya habari za familia peke yake, ambayo husomwa kwanza ili isibebe siasa wala siri za kijeshi. Fomu hiyo imeunganisha familia nyingi mno, lakini nayo ni barua, na barua hutaka kujua mwenyewe aende wapi. Shirika la BBC lilijibu upande wa pili wa tatizo kwa kuanzisha mwaka 1994 kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, maana yake kiunganishacho familia, ambacho kilikuwa kinapokea majina ya wanaotafutwa na kuyatangaza kwa masafa mafupi.

Ndani ya Ngara yenyewe jibu lilikuwa Redio Kwizera. Iliundwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi, miaka miwili tu baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo visivyo vya serikali, na jina lake, kwizera, ni neno la Kirundi na Kinyarwanda lenye kubeba pamoja maana ya kuamini na kutumaini. Ilitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, hivyo mwenyeji na mkimbizi waliweza kuisikiliza redio moja, na kwa kuwa Mhangaza alikielewa Kirundi naye Mrundi wa kambini alikuwa anajifunza Kiswahili, mara nyingi walisikiliza hata vipindi ambavyo havikuwa vyao. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Redio ya wakimbizi peke yao ingeweza kuwa ukuta mwingine wa kambi. Redio hii ilimfanya mkulima wa Ngara asikie kwa nini mgao umepunguzwa, na mkimbizi asikie malalamiko ya mkulima juu ya kuni na wizi wa mazao.

Ilitangaza habari, afya, mafundisho ya amani na majina ya waliopotezana. Tangazo la kutafutana lina umbo ambalo halibadiliki sana popote katika nchi hizi: jina la anayetafuta, majina ya wazazi, kilima na wilaya ya asili, mahali walipoachana, kisha jina la anayetafutwa. Kilima ndicho kiini chake. Mkimbizi hana mtaa wala nambari ya nyumba, lakini kilima alichozaliwa hakimwachi anapovuka mto, kwa hiyo kinakuwa anwani anayotembea nayo, na kila msikilizaji aliyewahi kupita kilimani pale huwa tarishi anayeweza kumpelekea mwenyewe neno kwamba ametajwa. Jina lililotajwa Aprili 1994 ili mtu auawe lilitajwa sasa, kwa kanuni ile ile na katika lugha ile ile, ili aonekane na mama yake. Katika historia yote ya mawasiliano ya eneo hili hakuna ukurasa unaostahili heshima kuliko huo.

Mawimbi hayakukoma kwenye mpaka wa kambi. Yalisikika Biharamulo, katika wilaya za kaskazini mwa Kigoma na ng'ambo, katika sehemu za Burundi na Rwanda, hata mtu aliyerejea kwao aliweza kubaki msikilizaji wa redio ile ile aliyoizoea ukimbizini. Wanyarwanda waliondoka karibu wote Desemba 1996, baada ya serikali ya Tanzania na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, kutoa tamko kwamba wawe wamerudi ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walikimbilia kwanza ndani zaidi ya Tanzania, wakageuzwa na askari, na barabara ya Rusumo ikajaa watu wanaoelekea upande wa pili. Warundi wa Lukole walibaki zaidi ya miaka kumi. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, wa Agosti 2000, ulipofungua njia, waliokuwa wakipima kurudi au kubaki walitaka kujua mambo ambayo hayakuwamo katika mkataba: kama shamba la baba limechukuliwa, kama barabara ya Kobero, ng'ambo ya mpaka, ni salama, kama shule imefunguliwa. Redio ya karibu, inayosikika pande zote mbili, ndiyo ingeweza kujibu maswali ya ukubwa huo. Kambi ilifungwa mwaka 2008, redio ikabaki, na wenyeji wa Ngara na Biharamulo, ambao walikuwa wasikilizaji wa pembeni, wakawa wasikilizaji wake wakuu.

Mambo mawili yaliyotajwa hadi sasa mbali mbali, redio na mlisho wa intaneti, yalikutana mapema katika karne hii, pale utaratibu wa RSS ulipopewa uwezo wa kubeba faili la sauti pamoja na kichwa cha habari, na kutoka hapo, kabla ya mwisho wa 2004, vikazaliwa vipindi vya sauti ambavyo msikilizaji hujiandikisha kuvipokea na ambavyo hushuka vyenyewe katika chombo chake. Tofauti yake na redio ni kwamba miadi ya saa imeondolewa: kipindi humsubiri msikilizaji, si msikilizaji kukisubiri kipindi. Kwa mchungaji wa ng'ombe au dereva wa lori anayelala Lusahunga, wilayani Biharamulo, hilo si jambo dogo. Lakini kikundi kilichokusanyika kwa saa moja chini ya redio moja nacho hutawanyika, kwa kuwa kila mmoja husikiliza kwa wakati wake, na maneno ya kubishania kipindi kikiisha hayapati mahali pa kusemewa.

Nguvu ya njia hiyo ilionekana nchini Burundi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 2015, na siku iliyofuata, vituo vikubwa vya redio vya binafsi vya Bujumbura vilishambuliwa na kuharibiwa katika machafuko ya jaribio la mapinduzi. Waandishi waliokimbilia Rwanda walianzisha Inzamba na Humura, ambazo hazikuwa na mnara wala masafa. Habari zilirekodiwa, zikawekwa katika mtandao wa SoundCloud, kisha zikapita kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, zikavuka mipaka ambayo wenye vituo hawangeweza kuivuka wenyewe. Warundi walikuwa wanaingia Tanzania tena kwa maelfu, wakipelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliozaliwa Lukole, wakarudishwa Burundi wakiwa watoto, na sasa, wakivuka mpaka kwa mara ya pili, wakaulizwa na waandikishaji jina, jina la baba na kilima.